Nusu Iliyopanda na Moshi

Mimi naandika pole pole, lakini naandika mwenyewe. Shule niliacha darasa la tatu. Aliyenirudishia kalamu mkononi ni Irine, mke mwenzangu mdogo, na habari ninazoandika ni zake. Hapa Nyatike kuna watu waliosema Irine ni mwizi wa mizani. Kuna wengine wanaosema mpaka leo kwamba anatetemeka kwa sababu ya chira, yaani ile laana inayompata mtu aliyevunja mwiko. Wote wamekosea. Wao walisimulia, mimi nilikuwepo.

Alitoka Sindo, kule ziwani upande wa Homa Bay. Simeon, mume wetu, alikuwa akienda huko kununua omena, wale dagaa wa ziwani, na safari moja akarudi na magunia ya omena na mke juu yake. Mimi ndiye mikayi, mke wa kwanza. Nyumba yangu ndiyo inayotazama lango. Nilimwonyesha yule msichana mahali pa kuchota maji, basi. Kiti sikumpa. Yeye akaketi chini kwenye udongo, akavuta ungo wangu, akaanza kuchagua maharagwe kama mtu aliyezaliwa pale.

"Mikayi," akasema, "unajua haya maharagwe yametengenezwa na nini?"

"Yametengenezwa na Mungu."

"Ndiyo. Mungu alitumia nini?"

"Nyar Sindo," nikamwita, yaani binti wa Sindo, "huko kwenu hamna kazi?"

Akacheka. Alikuwa amesoma mpaka kidato cha pili, baba yake akafa na karo ikafa naye. Somo alilolipenda ni kemia. Akaniambia kila kitu ni punje. Ukisaga haragwe upate unga, ukasaga ule unga tena mpaka macho yasione kitu, bado punje zipo. Zinaitwa atomi.

"Hata wewe ni atomi, Mikayi. Mwili mzima."

"Atomi ni mama yako aliyekuzaa kule Sindo. Mimi ni binti wa mwenye ng'ombe."

Hakukasirika. Siku hiyo nikampa kiti, si kwa sababu ya zile atomi. Maharagwe alikuwa ameyachagua vizuri.

Wakati ule Simeon alikuwa anachimba dhahabu, kama wanaume wengi wa hapa. Irine akaingia katika kazi ya kina mama ya kuosha na kuchoma, na sitaki mtu aniambie ni kazi rahisi. Jiwe linasagwa kwenye mashine mpaka liwe vumbi. Lile vumbi unalitia kwenye karai lenye maji, unamwaga zebaki, yale maji mazito yanayong'aa ambayo hayamloweshi mtu, kisha unakoroga kwa mkono. Zebaki inaitafuta dhahabu yenyewe, inaishika. Unakamua kwa kitambaa, na kinachobaki ni donge jeupe. Ukiliweka donge hilo juu ya kipande cha chuma kwenye makaa, weupe unaondoka na moshi, njano inabaki.

"Dhahabu ni elementi," Irine aliwaambia wachimbaji. "Maana yake ndani yake hamna kitu kingine. Ichome, ipige, izike, itabaki dhahabu."

"Na wewe ni elementi ya maneno," nikamwambia, na wanaume wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai.

Walikuwa wanakuja kwake kwa sababu ya mizani. Wanunuzi wa mjini wana mizani ya betri, inayotosha kwenye kiganja, na hakuna mchimbaji anayeiamini. Kwa hiyo mtu akishachomewa dhahabu yake, kwanza inapimwa hapa nyumbani, ndipo aende kwa mnunuzi akijua alichobeba. Mizani ya Irine ilikuwa kijiti, uzi, na vifuniko viwili vya soda. Upande huu dhahabu, upande huu njiti za kiberiti. Sheria ya machimbo yetu ni kwamba mizani inashikwa mkononi, mbele ya kifua, mwenye mali aone mikono yote miwili. Mizani ya kutundika haikubaliki, kwa sababu zamani kulikuwa na mpimaji aliyefunga uzi kwenye boriti na alikuwa akiuvuta kwa kidole cha mguu. Watu walimfukuza wakiwa na mawe mkononi.

Irine alipima kila donge mara mbili, kabla ya kulichoma na baada. Akamwambia mwenye mali yote mawili. "Kabla, njiti kumi na mbili. Sasa, njiti sita." Hakuna mtu mwingine aliyefanya hivyo. Mkono wake ulikuwa umetulia hata nzi angeweza kutua kwenye uzi akalala. Watu walitoka Suna, walitoka Uriri, wakapita wapimaji wengine wote njiani, wakaja kwa mke mwenzangu. Sikumwambia, lakini nilikuwa nikitembea sokoni kichwa juu.

Kisha shimo likamfunika Simeon. Hilo sitaliandika zaidi.

Baada ya maziko, Boaz, mdogo wake Simeon, alitaka kumrithi Irine, awe mke wake. Mimi nilikuwa mzee, hakuna aliyeniuliza. Irine akasema hapana. Akasema vizuri, kwa heshima, na akasema mara moja tu. Sasa kwetu mjane ambaye hajarithiwa hasimamishi nguzo. Hajengi nyumba, hajengi hata kibanda cha kuku, mpaka mwanamume amchimbie shimo la kwanza. Na Irine alikuwa anataka kibanda.

Alikitaka kwa sababu ya ile hesabu yake ya njiti. Tulikuwa tunachoma jikoni. Nje upepo unapeperusha vile vipande vidogo, na macho ya watu ni mengi. Jioni moja alikuwa amemaliza donge la mtu, akakaa akitazama vile vifuniko vyake viwili.

"Mikayi, ile nusu nyingine inaenda wapi?"

"Nusu gani?"

"Kumi na mbili ziliingia kwenye moto. Sita zimetoka. Sita nyingine ziko wapi?"

"Zimeungua. Zimekufa."

"Vitu havifi. Mwalimu alituambia kitu kinaweza kuwa kigumu, kikawa maji, kikawa hewa, lakini uzito wake uko mahali. Zebaki nayo ni elementi. Haiungui ikaisha. Imeenda mahali."

"Imeenda nje na moshi. Koroga uji."

Alikoroga. Lakini kesho yake alikwenda kwa Boaz kuomba kibanda cha kuchomea, mbali na nyumba, upande ambao upepo unaondoka. Nilikwenda naye nisimame nyuma yake.

"Kibanda ni nyumba," Boaz akasema. "Nyumba inataka mwanamume. Mimi si nipo?"

"Shemeji, ni nguzo nne na makuti. Si kitanda."

"Nguzo ni nguzo."

"Basi chimba hayo mashimo na urudi kwako," nikamwambia.

"Mikayi, hata wewe? Wewe ndiye wa kutunza mila ya boma hili."

Nilimwambia mila nimeitunza tangu yeye akikojoa kitandani. Hakuchimba. Tukaendelea kuchoma jikoni.

Kutetemeka kulianza kidogo kidogo. Kwanza ilikuwa kalamu. Alikuwa ananifundisha kuandika jina langu, na herufi zake zikawa mbaya kuliko zangu, nikamcheka. Kisha ikawa kikombe cha chai. Kisha tabia. Irine ambaye hakuwahi kuinua sauti akaanza kunifokea kwa sababu ya chumvi, halafu akaingia ndani na kujificha akilia kwa aibu. Akaanza kuogopa watu. Mgeni akibisha hodi anaruka. Ladha mdomoni akasema ni ya chuma, hata akila asali.

Na bado alipima. Mkono wa kulia ukishika, wa kushoto unashika ule wa kulia.

Monari ndiye aliyesema kwanza. Monari ni mchimbaji aliyetoka Kisii, mtu wa nguvu na mdomo, na ni jirani yetu. Alileta donge kubwa kama haragwe. Irine akalipima, akalichoma, akapima tena, na uzi ukawa unacheza. Kifuniko hiki juu, kile chini, kile juu.

"Sema ni ngapi," Monari akasema.

"Ngoja itulie."

"Itatulia lini? Hiyo ni mizani au ni ngoma?"

Wenzake wakacheka. Palikuwa na watu wengi uani, siku ya soko.

"Ni njiti kumi na moja," Irine akasema.

"Kumi na moja! Lile donge lote? Mama, mimi nimeona mkono wako. Mkono unaotikisika hivyo unatikisika kwa sababu. Ukitikisa, nani ataona imelalia wapi?"

"Mimi siibi."

"Hata yule wa uzi alisema haibi."

Irine akaitupa mizani chini. Vifuniko vikabingirika, dhahabu ya mtu ikaanguka kwenye vumbi, na kila mtu akapiga magoti kuitafuta. Yeye akabaki amesimama katikati yao, midomo ikimcheza. Sijawahi kuona mtu akiwa peke yake namna hiyo. Ilipopatikana dhahabu yote, wale waliokuwa wanangoja zamu walichukua madonge yao wakaondoka. Hakuna aliyeaga.

Jioni hiyo hakula. "Mikayi, waniite mchawi, waniite tasa," akasema. "Lakini mizani yangu?"

Mimi nina kichwa kigumu, watu wanajua. Asubuhi nikaenda kumtoa Monari kwake, nikamwambia alete ile dhahabu na aje na yeyote anayemtaka. Nikamwambia mizani itatundikwa.

"Kutundika ni marufuku, mama mzee."

"Marufuku kwa sababu ya uzi. Njoo wewe mwenyewe ukague boriti. Pitisha mkono wako kila mahali. Ukipata uzi, nichome mimi kwenye hilo jiko."

Alikuja na wenzake. Boaz naye akaja, kuona aibu ya boma. Tukaingia jikoni, wengine wakabaki mlangoni. Nikagonga msumari kwenye boriti, Irine akafunga mizani pale, akarudi nyuma na kukaa juu ya mikono yake ili mtu asiseme ameigusa. Monari akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akaanza kupapasa boriti, juu, chini, kando, mpaka kwenye bati. Masizi yakamwagika juu ya kichwa chake.

"Uzi?" nikauliza.

"Hakuna."

"Pima."

Akaweka dhahabu yake mwenyewe, akaweka njiti mwenyewe, moja moja. Mizani ilipotulia, zilikuwa njiti kumi na moja. Mlangoni mtu akapiga mluzi. Monari akasema, kwa sauti ya chini, "Sawa. Ni kumi na moja."

Nilitaka kuwageukia wote niwaambie yaliyokuwa moyoni. Nilikuwa nimeyapanga usiku kucha. Lakini Irine hakuwa akitazama mizani. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, pale masizi yalipoanguka, akiyatenganisha kwa kidole. Ndani ya yale masizi meusi kulikuwa na matone madogo meupe, mengi, kama jasho. Akasukuma moja kwa ukucha likaungana na lingine. Yakawa moja, likabingirika.

Akainua macho kwenye bati. Sisi sote tukainua. Bati lote lilikuwa jeusi, na sasa lilipokuwa limepapaswa, likawa linameta hapa na pale.

"Mikayi," akasema, na uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtoto aliyepata jibu, "ndiyo hii. Ile nusu. Haikwenda nje. Ilikuwa inapanda na moshi, inafika kwenye bati baridi, inakuwa maji tena. Ilikuwa hapa hapa na sisi."

Alifurahi. Mungu wangu, alifurahi, akayakusanya kwenye kifuniko cha soda ayapime, na mkono ukayamwaga. Akayakusanya tena, ukayamwaga tena. Hapo ndipo alipoutazama ule mkono. Aliutazama muda mrefu. Nikaona jinsi furaha inavyomtoka mtu.

Nilimpeleka hospitali, Homa Bay. Daktari aliuliza kazi yake, na Irine akamweleza vizuri kuliko ninavyoeleza hapa. Daktari akasema tulikuwa tukivuta zebaki kwa pua, na yeye aliyeinama juu ya moto alivuta zaidi. Imeingia kwenye mishipa na kwenye ubongo. Akasema kuna dawa ya kutoa kidogo, lakini kilichokwisha kuharibika hakitarudi kuwa kama zamani. Akasema lile jiko lisiingiwe tena na zile bati zisitumiwe na mtu yeyote.

"Sijaiba," Irine akamwambia daktari. Alikuwa ameanza kuchanganya mambo.

"Najua," daktari akasema, ingawa hakujua chochote.

Tuliporudi nyumbani nilichukua nyundo na ngazi nikapanda juu ya jiko. Mwanamke kupanda paa katika boma la mume wake ni mwiko mkubwa. Boaz alikuja mbio.

"Shuka! Unataka kutuua?"

"Panda wewe basi."

Hakupanda. Nikang'oa bati zote, nikazipanga nyuma ya zizi, nikaanza kuchimba shimo la kuzizika. Udongo wa kwetu ni mawe, na mimi si kijana. Shimo halijafika magotini, kaka yake Irine akapiga simu kutoka Sindo akasema nimpeleke kwao, hapa hakuna wa kumtunza. Nilimpeleka. Nilikaa huko naye mpaka akazoea chumba chake kipya.

Niliporudi, bati hazipo. Boaz alikuwa amempa Monari.

"Bati ni bati," akasema. "Utazika mali kwa sababu ya masizi? Na huyo mwanamke hana zebaki, ana chira. Alikataa kurithiwa, ndiyo matokeo yake. Kila mtu anaona."

Kweli, kila mtu alikuwa anaona. Pale sokoni wale waliomwita mwizi walikuwa sasa wanasema, maskini, hakuwa mwizi, ni chira. Walisema kwa huruma. Nilikwenda kwa Monari nikamkuta ameshazipigilia juu ya jiko lake.

"Monari, wewe ulikuwepo. Masizi yaliangukia kichwa chako. Uliona kwa macho."

"Niliona, mama mzee. Nimezisugua na majani. Zimetakata."

"Haitoki kwa majani."

"Mimi si mjane. Chira ya kwenu itanipataje mimi Mkisii?"

Niliporudi Sindo kumtembelea Irine, hakufungua mlango. Caren, mke wa kaka yake, aliniambia siku hizi hataki kuonwa na mtu. Chakula anakula akiwa amegeukia ukuta, kwa sababu kinamwagika. Nikakaa chini, mgongo wangu kwenye mlango.

"Nyar Sindo."

"Rudi, Mikayi." Maneno yake yalikuwa mazito, kama ya mtu aliye na kitu mdomoni.

"Sirudi. Nimekuja na miguu yangu."

Nikasikia naye anaketi, upande wa pili, mgongo wake kwenye mbao zile zile. Mlango ukawa unatetemeka kidogo. Tukakaa hivyo. Aliuliza kuhusu kuku, nikamjibu. Kisha akauliza, "Wanasemaje?"

"Wanasema ulipima sawa."

"Na ile nusu? Wameacha kuchoma ndani?"

Mimi sijazoea kumdanganya mtu kwa sababu ni mgonjwa. Nikamwambia bado wanachoma ndani. Nikamwambia na zile bati ziko wapi. Mlango ukatetemeka zaidi. Alisema kitu sikukishika, nikamwomba arudie, akarudia, bado sikukishika. Akapiga ubao kwa kiganja kwa hasira. Caren aliyekuwa amezoea ulimi wake akaja kuinama karibu.

"Anasema usimwambie Monari. Mwambie mke wake. Yeye ndiye anayepika."

Nilirudi nikaenda moja kwa moja, hata kwangu sikupita. Mke wa Monari anaitwa Metrine, na bado ni msichana. Nilimkuta jikoni, mtoto mgongoni, anasonga ugali, na donge la mumewe liko juu ya makaa pembeni. Nilimwambia yote, tangu mizani mpaka mlango wa Sindo. Alisikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi. Hakunicheka. Aliinua macho akatazama bati, akavuta kanga akamfunika mtoto kichwa.

"Mama, nakuamini," akasema. "Nilimjua Irine. Lakini nikizigusa hizo bati Monari ataniua. Na nikitoka nje na moto wake, dhahabu ikipeperuka atasema nimeiuza. Nifanye nini?"

Nilimwomba anipe mtoto, akae kwangu wakati yeye anachoma. Akafungua kanga, akanipa. Ni msichana, mzito, hajui kulia. Kila jioni sasa namchukua na kumrudisha. Metrine hana wa kumpa mapafu yake mwenyewe. Nikivuka ua na mtoto wake nikageuka, namwona pale mlangoni ameinama juu ya makaa, na moshi mweupe unapanda polepole mpaka kwenye bati zetu.